Mzio wa Nyama Nyekundu Unaotokana na Kupe: Namna ya Kuutambua na Kuishi Nao

Katika majimbo ya Kentucky, Missouri, Tennessee, Virginia na North Carolina, ambako familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na nchi jirani zimepata makazi mapya, kuna mzio ambao huwachanganya hata madaktari. Mtu hula mbuzi choma saa moja jioni akiwa mzima kabisa, akaenda kulala, kisha akaamka saa sita usiku mwili ukimwasha, midomo imevimba na tumbo linamkata. Kwa kuwa chakula kilikuwa cha karamu na wengine wote waliokula wako salama, wapo watakaosema chakula kilikuwa kibovu, na wapo watakaonong'ona kwamba amelishwa kitu. Mara nyingi chanzo chake ni kupe aliyemuuma wiki kadhaa kabla ya karamu hiyo.

Ugonjwa huu huitwa mzio wa alfa-gali. Alfa-gali ni aina ya sukari iliyomo katika miili ya karibu wanyama wote wanaonyonyesha: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, sungura, paa na wengineo. Binadamu, sokwe na nyani wa Afrika na Asia hawana sukari hiyo, na ndiyo maana miili yetu huweza kuichukulia kama kitu kigeni. Mtu anapoila nyama kwa njia ya kawaida, hadhuriki. Kupe anapomuuma, hata hivyo, mate yake huiingiza sukari hiyo kupitia ngozi, na kwa baadhi ya watu mwili huanza kutengeneza kingamwili, yaani chembe za kinga za damuni, za aina ya IgE, ambazo ndizo huleta mzio, dhidi yake. Tangu hapo, kipande cha nyama kinaweza kuamsha vita ambavyo kupe alivianzisha.

Uhusiano huu uligunduliwa kwa njia ya mzunguko. Dawa ya saratani iitwayo setuksimabu ilikuwa ikiwaletea wagonjwa wa Tennessee na North Carolina mshtuko mkali wa mzio, huku wagonjwa wa maeneo mengine wakiivumilia vizuri. Mwaka 2008 kundi la watafiti lililomhusisha Thomas Platts-Mills wa Chuo Kikuu cha Virginia lilionyesha kwamba wagonjwa hao walikuwa na kingamwili dhidi ya alfa-gali hata kabla ya kupewa dawa. Mwaka uliofuata kundi hilo likaeleza habari za watu waliokuwa wakiugua saa kadhaa baada ya kula nyama. Huko Sydney, daktari Sheryl van Nunen naye alikuwa ameshaona kwamba wagonjwa wake waliodhurika na nyama nyekundu walikuwa wameumwa na kupe. Kwa Marekani, kupe anayehusika zaidi ni yule aitwaye Lone Star, ambaye jike lake lililokomaa lina doa jeupe mgongoni. Ulaya na Australia wana kupe wa aina nyingine wanaoleta tatizo hilohilo.

Taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitangaza mwaka 2023 kwamba kati ya mwaka 2010 na 2022 zilibainika kesi zaidi ya 110,000 zinazoshukiwa, na kwamba huenda watu wapatao 450,000 wameathirika nchini humo. Katika uchunguzi uliotolewa wakati huohuo, asilimia 42 ya wahudumu wa afya walioulizwa hawakuwa wamewahi kuusikia ugonjwa huu. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayoufanya mwongozo kama huu uwe wa lazima, kwa sababu mgonjwa asipokwenda kwa daktari akiwa na maelezo yaliyopangwa vizuri, anaweza kurudishwa nyumbani na vidonge vya tumbo.

Hatua ya kwanza: Andika saa, wala usiangalie mlo wa mwisho tu

Mizio mingi ya chakula, kama ule wa karanga au wa kamba, hujitokeza ndani ya dakika chache. Huu hukawia. Dalili huanza kwa kawaida kati ya saa mbili na saa sita baada ya kula, kwa sababu sukari hiyo huambatana na mafuta ya nyama, ambayo humeng'enywa na kuingia katika damu polepole. Kwa hiyo mtu aliyekula pilau ya ng'ombe mchana na samaki jioni atamlaumu samaki bure.

Chukua daftari au simu, na kila unapougua andika mambo haya: ulikula nini katika saa nane zilizopita, ulikula saa ngapi, dalili zilianza saa ngapi, na nini kingine kilikuwepo siku hiyo. Pombe, mazoezi makali na baadhi ya dawa za maumivu, kama vile ibuprofeni, huweza kuuzidisha mzio. Andika pia kama uliumwa na kupe katika miezi iliyotangulia, hata kama unachokumbuka ni uvimbe mdogo mguuni uliowasha kwa wiki nzima. Watu wengi hawakumbuki kupe kabisa, kwa kuwa kupe wachanga ni wadogo kama chembe ya mchanga na huuma kwa makundi vifundoni.

Usishangae ukiona kwamba hukuugua kila mara ulipokula nyama. Kipande kidogo kisicho na mafuta kinaweza kupita salama Jumatatu, na mbavu zilizonona zikakuangusha Jumamosi. Hali hii ya kuja na kupita ndiyo huwafanya wagonjwa wengi wasiishuku nyama, hasa wale walioila tangu utotoni bila tatizo lolote.

Dalili za ngozi hutambulika kwa urahisi: mabaka yaliyovimba na kuwasha, uso na midomo kuvimba. Zilizo hatari zaidi ni koo kubana, kupumua kwa shida, kizunguzungu na kuzirai. Lakini kuna kundi la wagonjwa wanaopatwa na dalili za tumbo pekee, yaani maumivu ya kusokota, kichefuchefu, kutapika na kuharisha, bila hata kipele kimoja. Hawa ndio wanaosahaulika. Mwezi Novemba 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walitoa taarifa ya mwanamume mmoja wa New Jersey aliyefariki mwaka 2024 saa chache baada ya kula hambaga. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ameamka usiku kwa maumivu makali ya tumbo baada ya kula nyama ya ng'ombe, na jambo hilo halikufuatiliwa. Maumivu makali ya tumbo yanayomwamsha mtu usiku baada ya mlo wa nyama, hasa yakijirudia, yastahili kupelekwa kwa daktari.

Hatua ya pili: Pima damu, na uelewe kipimo kinasema nini

Mwombe daktari kipimo cha damu cha IgE dhidi ya alfa-gali, na umtajie jina hilo waziwazi. Kipimo cha kudunga ngozi kwa dondoo ya nyama, ambacho hutumika kwa mizio mingine, hakiaminiki sana hapa. Kama Kiingereza kinakutatiza, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zina wajibu wa kukupatia mkalimani bila malipo, na si vyema kumgeuza mtoto wa shule kuwa mkalimani wa mambo ya aina hii.

Kipimo peke yake hakitoshi kumfanya mtu aitwe mgonjwa. Wapo wengi wenye kingamwili hizo ambao hula nyama bila kudhurika, na katika maeneo ya Afrika yenye minyoo na vimelea vingine kingamwili hizo hupatikana kwa watu wasio na mzio wowote wa nyama. Utambuzi sahihi una nguzo tatu: historia inayolingana na ugonjwa, kipimo chenye majibu chanya, na nafuu inayoonekana mtu anapoacha nyama kwa mwezi mmoja au zaidi. Mtu aliyepimwa kwa udadisi tu, akapata majibu chanya ilhali hajawahi kuugua, hana sababu ya kuikimbia nyama kwa hofu.

Barani Afrika, ugonjwa wenyewe umethibitishwa katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa watu nyama chini ya uangalizi wa madaktari ili kuona nani anadhurika. Huko dalili kuu zilikuwa za tumbo, na kwa wengi zilianza mapema kuliko ilivyozoeleka Marekani. Kwa hiyo daktari wa Afrika Mashariki anayepokea mgonjwa mwenye historia ya namna hii, hasa mfugaji au mtu anayeshinda na mifugo yenye kupe, asiitupilie mbali kwa kusema kwamba huo ni ugonjwa wa Wamarekani.

Hatua ya tatu: Lipange jiko upya

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa sababu nyama katika mapishi yetu haikai peke yake kwenye sahani. Imo ndani ya mchuzi, ndani ya wali, na ndani ya mafuta.

Acha kwanza nyama yote ya wanyama wanaonyonyesha: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, sungura, na nyama ya paa ambayo majirani wawindaji huko Kentucky hupenda kugawa wakati wa msimu wa kuwinda. Viungo vya ndani, hasa figo, vimejulikana kuleta athari kali zaidi na za haraka zaidi, kwa hiyo maini, figo, utumbo na supu ya makongoro ndivyo vya kwanza kuondoka. Kuchinja kihalali na kuiondoa damu hakuondoi sukari hii, wala kuichemsha nyama mpaka ilainike hakuiharibu. Jambo hili linafaa kusemwa wazi nyumbani, kwa maana wapo watakaomhimiza mgonjwa ale wakiamini kwamba nyama iliyopikwa vizuri haina madhara.

Vinavyobaki ni vingi. Kuku, bata, bata mzinga, mayai, samaki wa kila aina, dagaa, kamba na pweza havina alfa-gali. Mbuni, ingawa nyama yake ni nyekundu, ni ndege, na kwa mzio huu analiwa. Mawese, tui la nazi, karanga, maharage, kunde na sombe (kisamvu) ni salama kwa asili yake. Hatari ya sombe iko kwenye kile kilichopikwa nayo. Mwenye kupenda sombe aipike kwa samaki wakavu au kwa karanga.

Mtego mkubwa ni pilau. Mgonjwa huambiwa na wenyeji wake, kwa nia njema, kwamba atapakuliwa wali bila nyama. Lakini wali ule ulipikwa kwa supu ya ng'ombe, na kila punje imenyonya mafuta yake. Vivyo hivyo maharage yaliyotiwa mifupa, biriani iliyopikwa kwa samli (kwa wasiovumilia maziwa), na sambusa za kuku zilizokaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa za nyama. Kuku aliyechomwa juu ya wavu mmoja na mbuzi amepakwa mafuta ya mbuzi, na wapo wagonjwa wachache ambao hata moshi wa nyama inayochomwa huwadhuru. Ukialikwa, mwambie mwenyeji mapema, siku kadhaa kabla ya siku yenyewe, na ukiweza nenda na chakula chako kimoja cha kushiriki na wenzako. Kukataa sahani iliyokwisha kupakuliwa ni jambo zito katika desturi zetu, na mgonjwa anayeona haya atakula ili kuepuka maneno. Wakati wa Idi ya kuchinja na wakati wa Krismasi, ni vizuri mtu mmoja wa familia mwenye sauti apewe jukumu la kueleza, ili mgonjwa asilazimike kujitetea kwa kila shangazi.

Kuhusu maziwa, usiwe mwepesi wa kuyaacha. Wagonjwa wengi huyavumilia, pamoja na jibini na mtindi. Kama umeacha nyama kabisa na bado unaugua, ndipo uanze kuondoa vyakula vya maziwa, ukianza na vilivyojaa mafuta kama malai, aiskrimu, siagi na samli. Kuondoa kila kitu kwa siku moja kunamchosha mgonjwa na kumnyima lishe, hasa akiwa mtoto.

Madukani, soma maandishi ya pakiti. Sheria ya Marekani inawataka watengenezaji kutaja vizio vikuu tisa, na maziwa yamo, lakini vitokanavyo na nyama havimo katika orodha hiyo kama kizio. Tafuta gelatini, ambayo kwa kawaida hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na imo katika peremende laini na vitamu vingi vya watoto. Hata ile iliyoandikwa halali huenda ikawa ya ng'ombe, na ya samaki ndiyo inayofaa. Tafuta pia mafuta ya nguruwe, mafuta ya ng'ombe na supu ya unga. Soseji za kuku huweza kuwa zimefungwa katika utumbo wa nguruwe au wa kondoo. Neno la jumla linalotaja ladha za asili linaweza kuficha kitu kitokanacho na nyama, na njia pekee ya kujua ni kumpigia simu mtengenezaji. Karajinani, inayotengenezwa kutokana na mwani na kutiwa katika baadhi ya vyakula ili viwe vizito, nayo huwasumbua baadhi ya wagonjwa.

Hatua ya nne: Jiandae kwa dharura

Aliyewahi kuvimba koo, kubanwa pumzi au kuzirai anapaswa kuandikiwa na daktari adrenalini ya kujidunga, yaani sindano ya kuukabili mshtuko wa mzio, na awe nazo mbili kila aendapo, kwa sababu dozi moja wakati mwingine haitoshi. Marekani iliidhinisha pia mwaka 2024 adrenalini ya kupuliza puani kwa wanaoogopa sindano. Kwa kuwa mzio huu hupiga usiku, weka dawa karibu na kitanda, na umwonyeshe mwenzi wako au mtoto mkubwa jinsi ya kuitumia.

Dalili nzito zikianza, dunga sindano upande wa nje wa paja, hata kupitia suruali, kisha piga 911, namba ya dharura ya Marekani. Mgonjwa alazwe chali miguu ikiwa imeinuliwa; akitapika alazwe ubavu; akipumua kwa shida akae, lakini asisimame wala asitembezwe kwenda garini. Hali ikiwa haijatengemaa baada ya dakika tano hadi kumi na tano, dozi ya pili hutolewa. Vidonge vya mzio kama setirizini hutuliza mwasho, lakini haviwezi kuzuia mshtuko, na kuvisubiri vifanye kazi ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Mjulishe kila daktari, mfamasia na daktari wa meno kuhusu mzio huu. Vidonge vya kapsuli mara nyingi vimetengenezwa kwa gelatini. Heparini, inayozuia damu kuganda, hutokana na nguruwe. Vali za moyo zinazotokana na ng'ombe au nguruwe, vimeng'enya vya kongosho, dawa za sumu ya nyoka, na baadhi ya chanjo zenye gelatini vinahitaji kufikiriwa upya kabla ya kutumika. Hili halimaanishi kwamba mgonjwa akatae chanjo au upasuaji kwa uamuzi wake mwenyewe. Maana yake ni kwamba uamuzi ufanywe na mtu anayejua habari zote.

Hatua ya tano: Zuia kupe asikuume tena

Kila mng'ato mpya unaweza kupandisha kingamwili upya, na hii ni sababu ya kutosha ya kufanya kazi ya kuwazuia kupe kuwa sehemu ya matibabu yenyewe. Kupe Lone Star ni mkali: hasubiri tu kwenye jani, bali humfuata mtu, na hatua zake zote za kukua huuma binadamu. Huwa wengi kuanzia majira ya kuchipua hadi majira ya kupukutika, kwenye misitu, vichaka na kingo za nyasi ndefu.

Vaa suruali ndefu na uchomeke ncha zake ndani ya soksi. Pulizia nguo na viatu dawa ya permetrini ya asilimia 0.5, uviache vikauke kabla ya kuvaa, wala usiipake kwenye ngozi; ikiwa bado mbichi ni sumu kwa paka. Kwenye ngozi tumia dawa ya kufukuzia wadudu yenye DEET au pikaridini. Tembea katikati ya njia. Ukirudi nyumbani, tia nguo ulizovaa katika mashine ya kukaushia yenye joto kali kwa dakika kumi, na oga ndani ya saa mbili. Kisha jikague nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kitovuni, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Wanaolima bustani za mboga pembezoni mwa mji, kama wafanyavyo akina mama wengi wa jamii zetu, wakate nyasi ziwe fupi na kuondoa majani makavu kando ya bustani.

Kupe aliyekwisha kung'ang'ania hukamatwa kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, akavutwa polepole kwa mkono usiotetereka bila kuzungushwa. Kumchoma kwa kiberiti au kumpaka mafuta ni mazoea yasiyofaa, kwani hukawiza kumtoa. Osha mahali hapo kwa sabuni, mtie kupe katika spiriti, na uandike tarehe katika lile daftari.

Hatua ya sita: Rudia kipimo, na usijirudishe kwenye nyama peke yako

Kwa mtu asiyeumwa tena na kupe, kingamwili huelekea kupungua kadiri muda unavyopita, na baadhi ya wagonjwa huweza kula nyama tena baada ya mwaka mmoja hadi mitano. Madaktari wengi hurudia kipimo kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Anayekwenda likizo Bukavu, Kigoma au Mombasa kabla ya kufikia hapo abebe adrenalini ya kumtosha safari nzima, kwa sababu sindano za kujidunga si kitu cha kukipata kwa urahisi katika maduka ya dawa ya kawaida huko, na abebe pia barua ya daktari inayotaja mzio wake.

Kipimo kikishuka vya kutosha, daktari anaweza kupendekeza jaribio la kurudisha vyakula kidogokidogo, likianza kwa maziwa kama yalikuwa yameachwa, kisha kipande kidogo cha nyama isiyo na mafuta, mchana na si usiku, siku ambayo mgonjwa hatakuwa peke yake. Aliyewahi kupata mshtuko mkali afanyiwe jaribio hilo kliniki na kubaki huko kwa saa kadhaa, kwa kuwa saa moja ya kusubiri, inayotosha kwa mizio mingine, haitoshi kwa huu. Na ikiwa ameumwa tena na kupe katika kipindi hicho, jaribio liahirishwe hadi kipimo kingine kifanyike.